Nyumba ya mama Buruburu: madirisha ya chuma ya zamani, ning'oe yote au mengine yabaki?

BintiWaBuru

Habari zenu jameni. Naomba ushauri kabla sijatuma diposti, maana fundi ananipigia simu kila asubuhi na moyo wangu bado haujatulia.

Nyumba ni ya wazazi wangu, Buruburu hapa Nairobi, zile za ghorofa zenye ngazi ndani. Baba aliichukua kwa mkopo miaka ya 1970. Sasa baba hayupo. Tunaishi mama, ambaye ana miaka 74, mimi na wanangu wawili. Madirisha ni manane, yote ya chuma, yale yale tangu nyumba ijengwe: fremu nyembamba, vioo vimeshikwa na pati (ule udongo wa kubandikia vioo), grili imechomelewa kwenye fremu yenyewe, na juu ya kila dirisha kuna kile kitundu cha hewa chenye wavu ambacho hakifungwi.

Shida zenyewe ni hizi. Dirisha la sebuleni ndilo kubwa kuliko yote, mita 2.4 kwa 1.2, na linatazama mashariki. Mvua ya masika ikija na upepo, maji yanaingia chini yake, yanachora mstari ukutani na kuishia nyuma ya kochi. Aprili hii niliamka saa tisa usiku nikamkuta mama amepiga magoti gizani na matambara mawili na beseni. Hakutaka kuniamsha. Hapo ndipo niliposema imetosha.

Chumba cha watoto kiko juu, kinatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri ni tanuri. Usiku wa Julai ndiyo kinyume chake, upepo unapiga mluzi pembeni kwa sababu dirisha halifungi, nimelifunga kwa waya. Chuma cha chini kimekula kutu, rangi imefura kama andazi. Mwezi wa pili kioo chake kilipasuka, ufa ukaanzia kona ya chini ukapanda mshazari hadi katikati. Nilimlaumu kijana wangu wa miaka tisa na mpira wake. Alikana akilia, nami nikamnyang'anya mpira wiki mbili nzima.

Kwenye ngazi kuna dirisha refu linaloanzia usawa wa magoti yangu, kioo chembamba, na watoto hushuka pale mbio. La jikoni linatazama kichochoro cha nyuma na komeo lake limelegea. Mengine ni uchakavu wa kawaida tu.

Ndugu watatu tumechanga shilingi 150,000. Fundi wa kwanza anataka 112,000 kwa alumini ya slaidi yote manane, kioo cha milimita 5, bila grili na bila plasta. Wa pili ananipa chuma kipya pamoja na grili kwa 96,000. Muuzaji mmoja Industrial Area alinionyesha ya yupivisi, yaani plastiki ngumu, yenye vioo viwili na hewa katikati, mazuri kweli, lakini bei ilimaliza pesa yetu kabla hatujapanda ngazi.

Kuna jambo moja zaidi na naomba msinione mtoto. Kila Desemba baba alikuwa anakwangua kutu, mama anapaka rangi nyuma yake, dirisha moja baada ya jingine, mpaka wamalize nyumba. Kwenye dirisha la jikoni, kona ya chini kushoto, pati ina alama ya kidole gumba cha baba. Imepakwa rangi mara nyingi, lakini ukipitisha kidole unaisikia. Mama hajakataa tubadilishe. Anasema, "Fanyeni mnavyoona." Halafu anaenda kusimama jikoni.

Kwa hiyo nauliza: alumini, chuma au yupivisi? Slaidi au ya bawaba? Na je, ni lazima yatoke yote?

---

KijanaWaUmoja

Pole na ya mama. Mimi niling'oa yote nikaweka alumini ya slaidi, na singerudi nyuma. Sipaki rangi tena. Dirisha halifunguki nje likamgonga mtu anayepita koridoni, na niliongeza reli ya tatu ya wavu wa mbu, kwa hiyo nafungua usiku bila kuumwa. Fanya yote kwa mara moja, fundi akishaleta vifaa bei inakuwa nzuri. Ukifanya nusunusu utajuta, nyumba itaonekana kama imevaa viatu vya jozi mbili.

---

FundiVyumaKariobangi

Dada wa Buru, mimi nachomelea madirisha kwa zaidi ya miaka ishirini na ninayatengeneza pia ya alumini, kwa hiyo sina upande.

Kwanza huyo mtoto. Mrudishie jina lake. Chuma kikioza huwa kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Kioo kimekaa ndani ya mfereji mwembamba wa fremu, hakina pa kukimbilia. Kutu inasukuma kidogo kidogo, siku moja kioo kinalia "tak" bila mtu kukigusa. Mpira ukipiga kioo unaona mahali ulipopiga, nyufa zinatawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Ufa mmoja unaotoka kona ya chini, na fremu hapo imefura, hiyo ni kutu. Nimeviona vingi hivyo.

Pili, usinunue chochote kabla hujapima afya ya kila dirisha. Chukua bisibisi ya bapa, gonga na usukume chuma cha chini, hasa kona mbili na chini ya bawaba. Kikilia na kukataa bisibisi, chuma ni kizima hata kama rangi ni mbaya. Bisibisi ikizama, hilo limekwisha. Chuma cha zamani kilikuwa kizito, na hapa Nairobi hatuna chumvi ya bahari. Dirisha lililopakwa rangi kila mwaka kama hayo ya wazee wako linaweza kuwa bado na maisha marefu. La kuponya: kwangua kwa brashi ya waya, msasa, redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyo hiyo kabla umande haujalipata, pati mpya, halafu rangi ya mafuta. Rangi ipande juu ya kioo kama milimita 2 ili maji yasiingie nyuma ya pati. Watu wengi huikata sawa na ukingo kwa ajili ya urembo, ndiyo maana pati yao inabanduka. Wakati wa kukwangua watoto wasiwe karibu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani na vumbi lake ni baya kwao. Lowesha kwanza, usikwangue kavu.

Tatu, bei uliyopewa ya alumini haijamaliza safari. Madirisha hayo yameshikwa ukutani kwa vipande vya chuma vilivyopasuliwa kama mkia wa samaki na kufukiwa kwa saruji. Ukiyatoa, ukuta unatoka nayo. Kuna plasta, kuna rangi ya ndani na nje, na grili inaondoka pamoja na fremu, kwa hiyo kuna grili mpya pia. Na usikubali nyumba yote ifunguliwe siku moja. Jioni ikiwapata na mashimo manane mtalala vipi?

Nne, hilo la sebuleni sina hakika kama ni dirisha. Chukua hosipaipu. Anza chini: mwagia ukuta ulio chini ya dirisha dakika kumi, mtu mwingine aangalie ndani. Pakiwa pakavu, pandisha maji kwenye kizingiti cha dirisha. Kisha kona za fremu. Kisha kioo. Juu kabisa mwishoni. Ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hujui yameingilia wapi.

---

MamaMapacha

Naongezea kwa uchungu wangu mwenyewe. Tunakaa Imara Daima, kelele za Mombasa Road usiku zilikuwa zinaamsha watoto. Tukaweka alumini iliyobana vizuri, na fundi akanishauri nizibe vile vitundu vya juu kwa plasta, eti vinaleta vumbi na ni vya kizamani. Nikakubali.

Kelele zilipungua, hilo siwezi kukana. Lakini Juni ilipofika, kila asubuhi vioo vinatoa jasho, maji yanashuka kwenye reli, na nyuma ya kabati la nguo ukaota ukungu mweusi. Watu wanne wanapumua usiku kucha ndani ya chumba kilichofungwa, ule unyevu uende wapi? Pacha mmoja akaanza kukohoa.

Halafu usiku mmoja wa baridi nikaingiza jiko la makaa sebuleni kama tulivyokuwa tukifanya siku zote. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga, na yule mtoto mkubwa akasema anasikia kichefuchefu. Ni mume wangu aliyerudi kazini akafungua mlango akatutoa nje. Hewa ya makaa haina harufu, huijui mpaka imeshakushika. Zile nyumba za kale zilikuwa zinatusamehe kwa sababu ya vile vitundu tulivyoviita vya kizamani. Jiko halifai kuingizwa ndani hata vitundu vikiwepo, mimi sasa hata kwa dakika tano siliingizi.

Tumeshavifungua tena. Dada, ukibadilisha hata moja, mwambie fundi mapema kwamba tundu la hewa libaki juu. Na kama mama yako huota moto wa jiko jioni, zungumza naye kabla ya Julai.

---

BintiWaBuru

Asanteni sana. MamaMapacha, nimesoma maneno yako mara mbili na nimeshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mama huwa anaweka jiko mlangoni mwa jikoni Julai. Nimezungumza naye leo leo, amekubali liishie nje.

Jumamosi tulifanya ile ya hosipaipu. Mimi nje, kijana wangu ndani amelala kifudifudi nyuma ya kochi na tochi ya simu, kazi yake kupiga kelele akiona maji. Ukuta wa chini dakika kumi, kimya. Nikapanda kwenye kizingiti. Sijahesabu hata dakika tatu nikasikia, "Mama, yanaingia!" Nikafunga maji. Sikuwa nimegusa fremu wala kioo. Tukasubiri pakauke, tukarudia kwenye fremu na kioo peke yake kwa kukinga kizingiti na nailoni. Matone mawili kwenye kona ya kulia, basi.

Nikachuchumaa kukitazama hicho kizingiti kwa makini, kitu ambacho sijawahi kufanya maisha yangu yote. Kati ya saruji na chuma kuna ufa ambao sarafu ya shilingi moja inaingia nusu. Nikaweka marumaru ya mtoto juu ya kizingiti nikaiachilia. Ikaviringika kuelekea dirishani. Mama akasema kiliwahi kupigwa plasta upya tulipopaka nyumba rangi, na aliyepaka aliongeza saruji nje ili paonekane nadhifu.

Nimepita na bisibisi pia. Saba yamelia. La chumba cha watoto lilizama mpaka kwenye mpini, kona zote mbili, na vipande vyekundu vikanidondokea mkononi kama majani makavu ya chai.

Kijana alikuwa amesimama pale. Nilimwonyesha kutu ilivyokisukuma kioo, nikamwambia nilikosea. Akaniuliza kama zile wiki mbili zinaweza kurudishwa. Nimemnunulia mpira mpya, lakini najua siyo alichouliza.

FundiVyuma, hicho kizingiti kinatengenezwaje?

---

FundiVyumaKariobangi

Hongera kwa kazi safi. Hicho kivunjwe, kipigwe upya kikiwa na mteremko wa kwenda nje. Kitokeze nje ya ukuta kama sentimita 5, na chini ya ukingo fundi wa mawe achore mfereji mdogo kwa kidole au kwa kipande cha nondo kabla saruji haijakauka. Mfereji huo ndio unaokata maji yadondoke. Bila huo, maji yanajikunja chini ya ukingo na kurudi ukutani. Ufa kati ya saruji na chuma usijazwe saruji tena, itapasuka hapo hapo. Pakaushwe, pasafishwe, uweke silikoni ya nje. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Kuhusu la watoto, kama nitachomelea grili mpya pale, au fundi mwingine, vioo vipya viwe bado havijawekwa au vifunikwe kwa blanketi lililoloweshwa. Cheche za grainda zinajichoma ndani ya kioo. Unaona vidoti vya kahawia, unasugua, havitoki, kioo kimekwisha. Na kwenye alumini unga ule wa chuma unaacha madoa ya kutu.

---

MzeeWaRamani

Binti yangu, nimechora ramani za nyumba katika jiji hili hadi nikastaafu, na ninafurahi umeanza na hosipaipu. Wengi huanza na pochi.

Niseme juu ya chumba cha watoto. Nairobi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima, Juni limeinama kaskazini, Desemba limeinama kusini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hulindwa na paa lililotokeza kidogo tu. Mashariki na magharibi hapana. Jua la jioni huja limelala, linapita chini ya kivuli chochote cha juu na kuingia moja kwa moja kitandani. Mtu akikuuzia kibati cha juu ya dirisha la magharibi, kitakukinga mvua, si joto. Kinachosaidia ni kitu kinachosimama mbele ya kioo kwa nje: chiki ya mianzi (pazia la kukunja), mmea unaotambaa kwenye waya, au mti kama una nafasi. Pazia la ndani huzuia mwanga, lakini joto limeshapita kioo. Kioo chenye rangi kinapunguza kiasi, ila Julai utatamani lile jua, nayo chiki unaikunja.

Vioo viwili vyenye hewa katikati ni kitu kizuri mahali penye theluji, watu wanapolipia joto la ndani na hawataki litoke. Usiku wetu wa Julai hushuka hadi digrii 10 au 12 hivi na hatuna mashine za kupasha joto. Weka pesa hiyo kwingine.

Slaidi au bawaba? Slaidi hufungua nusu tu ya dirisha, nusu nyingine daima imekaa nyuma ya mwenzake. Kwenye tanuri lako la saa tisa unahitaji nafasi yote, kwa hiyo bawaba. Slaidi pia huhitaji vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini, na vikijaa vumbi maji huingia ndani, kwa hiyo upande unaopigwa na mvua ningeiepuka. Kijana wa Umoja yuko sawa kuhusu koridoni, pale slaidi ndiyo yenyewe. Mwenye slaidi ahakikishe pia kuna kizuizi juu ya reli, la sivyo mwizi hunyanyua kioo kizima akakitoa.

Ukiweka alumini, mambo machache nisiyoyasamehe. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Alumini isiguse saruji mbichi, huila. Iwe na utepe wake wa kuikinga mpaka plasta ikauke. Iachiwe nafasi ya milimita 5 hivi kila upande ijazwe silikoni, kwa sababu mita 1.5 ya alumini ikipanda joto digrii 30 hurefuka karibu milimita 1 na ikibanwa hupinda. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, urefu vivyo hivyo, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha pima kona kwa kona; tofauti ikizidi milimita chache, shimo limeenda upande na fundi lazima ajue kabla hajakata.

La ngazi ndilo linaloninyima raha mimi. Kioo chembamba kinachoanzia usawa wa magoti ya mtu mzima kiko mbele ya kifua cha mtoto. Hapo weka kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipasuka hubaki kimeshikana. Kile kilichoimarishwa kwa joto nacho hufaa, huvunjika vipande vidogo visivyo na ncha, ila hakikatwi tena baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo kipimo kikikosewa umepoteza kioo. Fremu ya chuma ikiwa nzima waweza kubadilisha kioo peke yake, mradi mfereji wa fremu una kina cha kupokea unene mpya. Lipa hilo kwanza kabla ya sebule.

Na grili ya chumba cha watoto, iwe na sehemu inayofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae kwenye msumari ambao mtoto anaufikia lakini mkono wa nje haufiki. Wafundishe kuifungua gizani.

---

BintiWaBuru

Mzee, shikamoo, na asante. Nimechapisha maneno yako nikabandika kwenye friji.

Tumekaa jana usiku, mimi na ndugu zangu kwa simu, mama katikati. Dirisha la watoto linatoka. Tunaweka alumini ya bawaba yenye tundu la hewa juu, kioo cha kawaida cha milimita 5, na chiki nje ambayo kaka ataileta kutoka Ngong Road, wale wa kando ya barabara. Grili ya kufunguka, na ufunguo tumeshachagua pa kuuweka, nyuma ya mlango. Ngazini fremu inabaki, kioo ndicho kinabadilishwa kuwa cha tabaka mbili. Fundi amekuja kupima mfereji, akasema kina kinatosha kioo cha milimita 6, tatu na tatu. Sebuleni kizingiti kinapigwa upya na dirisha linakwanguliwa. Bafu, choo na vyumba viwili vya kulala vinapakwa tu.

Jikoni tunabadilisha komeo na kuongeza kufuli kwenye grili. Nilimwuliza mama kama tubandue pati yote tuweke mpya. Alipitisha kidole kwenye ile kona bila kuitazama, jinsi mtu anavyogusa kitasa cha mlango wake mwenyewe gizani. Akasema pati hiyo haijawahi kuvuja hata siku moja. Nimeikagua, kweli haina ufa. Fundi ameambiwa vile vioo vitatu vingine avitie pati mpya, hicho cha chini kushoto apake rangi tu.

Kwa hesabu yetu hata pamoja na plasta tunabaki chini ya 90,000. Kinachobaki mama anataka kibadilishe mabati ya juu ya stoo, yanavuja tangu mwaka jana na hakutuambia.

KijanaWaUmoja, usikasirike kwamba sikukufuata. Ule wavu wa mbu wa reli ya tatu nimeupenda, na kwenye hili la bawaba fundi anasema tunaweza kuutia wa kuvutwa kwa ndani.

Tunaanza Jumamosi na chumba cha watoto, saa mbili asubuhi, ili grili iwe imesimama kabla ya giza. Mzee, shimo nimelipima mara tatu kama ulivyosema: upana 1503 juu, 1498 katikati, 1496 chini. Kona kwa kona 1921 na 1917. Fundi anasema akate 1486. Naomba uniangalizie kabla sijamwambia aendelee.

---

MzeeWaRamani

Akate. Chini umepima 1496, ukitoa milimita 5 kila upande unapata 1486, na tofauti ya 4 kona kwa kona silikoni itaimeza. Nipe na urefu, sehemu zote tatu, hukuuandika.